Njia ya Mkato ya Bondeni

Siku ile tulikuwa hawa: Bwana Gwakisa, kijana wa Mbeya aliyeletwa wilayani kuongoza matembezi ya msituni, mwalimu Elineema wa shule yetu ya msingi, Abdulatifu wa kamati ya misitu ya kijiji, Bibi Mwamina, ambaye ndiye hutuzalisha sisi wanawake, na mimi, mama Zulfa. Nawataja ili mtu asidhani niliyaota peke yangu.

Ilikuwa mwaka 2004, masika yakiishia. Wilaya ilitaka vijiji vya upande wa Malolo vijue mipaka ya misitu yao ya asili, na kitongoji chetu kikanichagua mimi. Mwanangu Zulfa alikuwa hajaota hata jino. Nilimwachia mama mkwe nikamwambia tutarudi adhuhuri.

Adhuhuri ndipo mwongozaji alipofika msituni tulikomsubiri. Pikipiki yake ilipata pancha njiani.

Tukaanza. Kila mti tulisimama. Huu mpingo, ule mninga, gusa gome, nusa jani, fumba macho usikilize ndege. Miti ile ile tunayookota kuni chini yake tangu tukiwa watoto! Mwalimu naye kila akielezwa ana swali. Abdulatifu akamtania kwamba akiendelea hivyo usiku tutakula magome. Mimi sikucheka. Matiti yalikuwa yamejaa, magumu kama mawe, na kila hatua iliniuma.

Lakini Gwakisa penye miiba alishika tawi mpaka mtu wa mwisho apite, mkono wake ukichuruzika damu. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Jua likawa limeinama tulipofika njia panda. Kulia, unazunguka kilima mpaka mashamba ya korosho. Mbali. Kushoto, unashuka bondeni, unavuka kijito, upo nyumbani. Gwakisa akasema kushoto.

Bibi Mwamina akasimama.

"Huku tusipite, baba."

Gwakisa akamuuliza kwa adabu kama kuna chui, au nyoka, au shimo. Bibi akawatazama wanaume wale watatu mmoja mmoja. Akatazama chini. Akasema ni pabaya tu. Gwakisa akamwomba sababu, bibi akarudia kwamba ni pabaya. Jua nalo linazama!

Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, mtoto wangu hajanyonya tangu asubuhi. Twende."

Bibi akafuata nyuma yangu, karibu sana, akinikanyaga visigino.

Bondeni giza lilitutangulia. Ndege wote walinyamaza. Kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa karibuni, na ndani yake harufu nyingine... ya maziwa yaliyochacha.

Halafu tukasikia kilio.

Chembamba. Cha mtoto mchanga.

Mwalimu akauliza mtoto wa nani analia huku. Gwakisa akasema ni komba, akaeleza kwamba komba hulia kama mtoto na macho yake huwaka ukimmulika. Akawasha tochi, akamulika juu, tawi kwa tawi.

Hayakuwaka macho yoyote.

Na mimi nilijua kilio hakikutoka juu. Kilitoka chini. Kwenye majani makavu, mbele ya miguu yangu.

Aliyewahi kunyonyesha anajua, mtoto akilia maziwa hayasubiri ruhusa. Yalitoka yenyewe. Gauni likalowa, matone yakaanguka chini.

Kilio kikakatika.

Nikasikia majani yanalambwa.

Bibi Mwamina alinivuta nyuma ya kichaka. Alivua kanga yake ya juu, akabaki mabega wazi kwenye baridi ile, akanifunga kifua mpaka pumzi ikanibana.

"Hapa ndipo tunapowazika," akaninong'oneza. "Wachanga. Waliokufa kabla ya siku ya kutolewa nje ya nyumba. Mwenye maziwa hapiti."

"Bibi, kwa nini hukusema?"

"Wanaume hawaambiwi."

"Si ungeniambia mimi kwa Kimwera chetu?"

"Abdulatifu anakijua."

Nililia kwa hasira. Sijui nilimkasirikia nani: yeye, Gwakisa, pancha, au mimi mwenyewe.

Tukavuka kijito, tukapanda. Mbele wanaume walikuwa bado wanabishana kuhusu komba. Na mimi, chini ya ile kanga iliyokazwa, nilianza kusikia titi la kushoto linapungua. Taratibu. Vile linavyopungua mtoto akishalishika vizuri. Nikaingiza mkono. Kanga ilikuwa kavu. Hapakuwa na kitu.

Ila chuchu ilikuwa baridi kama iliyotoka majini.

Sikumwambia mtu. Nilitembea tu, na huyo asiyeonekana akanyonya mpaka tulipoona taa ya koroboi ya nyumba ya kwanza. Hapo akaacha.

Mama mkwe alinipokea mlangoni na Zulfa begani. Alisema alimpa maji ya uji, akamwimbia, akamzungusha nyumba nzima, mtoto akawa analia tu. Tulipokuwa bondeni, kwa nilivyokadiria, alinyamaza ghafla. Akawa ametega sikio.

Niliketi nikampa titi la kushoto. Akavuta. Akaliacha. Halikuwa na kitu, lilikuwa limelegea kama la bibi kizee. Nikampa la kulia, akanyonya huku macho yake yakitazama nyuma ya bega langu, mlangoni.

Mama mkwe akainuka, akaufunga mlango.

Gwakisa alikuja kesho yake kumjulia hali mtoto, akaleta sabuni na sukari, akaomba radhi kwa kutuchelewesha. Nilimwambia hajambo. Ningemwambia nini?

Zulfa sasa anasoma darasa la kwanza. Baada yake nimezaa Hassani na Rukaiya. Wote wamenyonya upande wa kulia tu.