Wimbo Alioutunga Nelvine

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kwenye majani ya chai, Nelvine alipeleka maziwa dukani. Kisha alimshika mkono mdogo wake, Weldon, wakashuka njia ya mtoni kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa ulimi, na darasani hakuna aliyemshinda kwa kutunga nyimbo.

Njia hiyo ilipita mbele ya nyumba ya Bitutu, mama aliyekuja zamani kutoka Kisii kuchuma chai. Nusu ya uso wake ilikuwa na kovu la moto, na jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Watoto walimwita Zimwi. Nelvine ndiye aliyewatungia wimbo:

"Zimwi la mtoni, mwanao yuko wapi?
Ulimla jana, kesho utamla nani?"

Wakiimba, Bitutu aliwafukuza kwa fimbo, nao wakakimbia wakicheka.

Siku moja Mwalimu Janefer aliwasomea hadithi ya zimwi lililoiba mbuzi wa kijiji kizima. Alipofunga kitabu aliuliza, "Mnaonaje? Zimwi hili lilizaliwa baya, ama lilifanywa kuwa baya?"

Nelvine hakungoja kuchaguliwa. "Lilizaliwa hivyo, Mwalimu. Zimwi ni zimwi tu."

Jairus, aliyekaa nyuma yake, aliinua mkono. "Lakini mwanzoni lilikuwa likiwavusha watu mto. Watu ndio walianza kulipiga mawe kwa sababu ya sura yake."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo lilichoka, Mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. "Nendeni mkalifikirie hilo," alisema.

Nelvine hakulifikiria. Jioni hiyo yeye, Weldon na wenzao walipofika kwa Bitutu, walimkuta ameinama akichuma sukuma wiki. Wakaanza kuimba. Safari hii Bitutu hakuinua fimbo wala kichwa, na jambo hilo likamkera Nelvine. Aliokota jiwe, akalirusha. Alitaka kumshtua tu, lakini lilimpata begani. Bitutu akageuka, akaliokota jiwe lilelile na kulirudisha kwa nguvu zake zote. Lilimpita Nelvine, likampiga Weldon kwenye paji la uso.

Damu ikamtiririka mtoto hadi kwenye kola ya shati. Bitutu alishika mdomo wake, kisha akaja mbio akifungua leso yake kichwani.

"Usimguse!" Nelvine alipiga kelele, akamvuta ndugu yake.

Nyumbani, baba yao, Kimeli, aliuliza kilichotokea.

"Lile Zimwi limempiga Weldon," Nelvine alisema. "Sisi tulikuwa tunapita tu."

Weldon alishonwa nyuzi tatu kwenye zahanati. Kesho yake Kimeli na majirani walikwenda kwa naibu wa chifu, na Bitutu akaitwa mbele yao. Watoto nao walifuata, wakakaa kwenye nyasi.

"Huyu aondoke kabla ya Jumamosi," Kimeli alisema. "Anayempiga mtoto wa miaka sita kwa jiwe si mtu."

Naibu akamgeukia Bitutu. "Mama, una la kusema?"

Bitutu alisimama. "Jiwe nilirusha. Hilo ni kweli, na ninamwomba mtoto msamaha." Aliwageukia watoto. "Lakini Osoro sikumla."

Watu wazima walitazamana. Watoto wakainamisha vichwa.

"Kila siku watoto wenu wananiuliza mwanangu yuko wapi. Alikuwa na miaka minne. Nyumba ilishika moto nikiwa mtoni nachota maji. Niliingia, nikamtoa, lakini nilikuwa nimechelewa. Huu uso ndio nilitoka nao."

Nelvine angeweza kunyamaza, na hakuna mkubwa ambaye angejua. Alisimama.

"Baba, nilikudanganya. Hatukuwa tunapita tu. Mimi ndiye nilianza kurusha jiwe. Na ule wimbo niliutunga mimi."

Kimeli akavua kofia, akamgeukia Bitutu. "Mama, tumekukosea," alisema.

Naibu alifunga shauri hapo hapo. Majirani walimsihi Bitutu abaki, lakini alitikisa kichwa. "Nimechoka. Dada yangu amekuwa akiniita nyumbani. Acheni niende."

Jumamosi Kimeli na Nelvine walikwenda kumsaidia kupakia vitu garini. Havikuwa vingi: kitanda, sufuria, magunia mawili. Nelvine alikuwa amekariri maneno mengi ya kuomba radhi, lakini yote yalimtoka kichwani.

"Mama Osoro," alisema, "nisamehe."

Bitutu aliiweka chini sufuria aliyokuwa ameibeba. "Umesemaje?"

"Mama Osoro."

"Tangu tumzike, hakuna mtu hapa ameniita hivyo." Jicho lake moja lilijaa machozi. Hakusema kama amemsamehe. Alimgusa shavu, akapanda gari, nalo likaondoka.

Baba na binti walipanda kilima. Katikati ya njia Kimeli akasimama.

"Alipokuja hapa alikuwa akiwapa watoto ndizi mlangoni. Nakumbuka vizuri. Hakuzaliwa mkali, Nelvine. Wewe ulitunga wimbo, na sisi wakubwa tuliusikia tukanyamaza. Wengine tulicheka. Ukimwita mtu mnyama kila siku, siku atakapokuuma usiseme alizaliwa na meno hayo. Nashukuru umesema ukweli, mama. Lakini ukweli ukichelewa, kuna vitu hauwezi kurudisha."

Nelvine alilia njia yote hadi nyumbani. Baba yake hakumwambia anyamaze.