Mkokoteni Uliowahi Matangani

Siku Shehoza alipokata roho, mkokoteni wa kahawa ulikuwa umeshafika mlangoni. Ulikuja wenyewe, ukapanda ngazi za baraza kwa miguu yake minne ya chuma kama mbuzi anayejua njia ya zizini, ukachagua kivuli, ukakunjua mwavuli. Ndani ya kifua chake cha kioo buni zikaanza kukaangwa. Harufu ya kahawa na tangawizi ilipoingia chumbani, Shehoza alikuwa bado anahema. Mwanakombo, mkewe, alidhani ni jirani aliyemletea mgonjwa kahawa, akashukuru moyoni. Muda si muda taa za nyumba zikacheza, pumzio likanyamaza, na mumewe akanyamaza nalo.

Pumzio ni mashine ndogo, haizidi mkoba wa shule, inayowavutia pumzi watu ambao mapafu yao yamechoka. Katika mji wa Tanga wagonjwa wengi waliishi nayo nyumbani. Umeme ulitoka baharini na juani, ukapimwa kwa kila nyumba kama wali wa shughuli. Ukitikisika, pumzio lilikuwa na akiba yake ya kulipitisha mpaka urudi. Siku ile akiba haikuwemo. Mafundi walisema ni bahati mbaya.

Wafiwa walipojaa, mkokoteni ulipiga kazi. Kila aliyepokea kikombe alibonyeza kidole gumba kwenye kioo, na kioo kikasema kwa sauti ya mwari aliyefundwa, "Ahsante, umelipa." Mwanakombo aliisikia sauti hiyo akiwa amefunikwa kanga, katikati ya vilio. Kahawa ya matangani haiuzwi. Majirani huleta buni, vijana huchemsha uani, na hata adui wa marehemu hupewa kikombe asiulizwe kitu. Shangazi mmoja alitaka kuupiga mtambo ule kwa mchi, wenzake wakamshika.

"Mwacheni maiti apumzike," walisema. "Tutagombana na chuma?"

Mwanakombo alikaa eda akiwa na kinyaa kilichomganda kama utando wa maziwa.

Alipotoka eda, ilibidi ale. Kikundi cha akina mama wa mtaa wa Mabawa kilimkabidhi mkokoteni kama ule ule. Aliukubali kwa shingo upande, kwa kuwa kazi nyingine hakuipata, na alijiapiza kwamba wake hautakanyaga msiba wa mtu. Sharti la kikundi lilikuwa moja: apate mahali na umeme kabla mwezi haujaandama, la sivyo mkokoteni upewe mwingine.

Alidhani kazi ngumu ni kukaanga buni. Kumbe kazi ni mahali. Mbele ya shule palikuwa na watu, lakini soketi ya nguzo ilikuwa imeshagawiwa muuza juisi. Stendi umeme wote ulikwenda kwenye magari. Nyuma ya kiwanda cha barafu umeme ulikuwa wa kumwaga, ila wateja walikuwa paka na nzi, tena nzi wenyewe walikuja kwa sababu ya maji ya samaki. Mlinzi wa pale alimwambia, "Dada, hapa hata ukigawa bure utakunywa mwenyewe."

Mwezi ulipokaribia kuisha, alikubali kukiomba Kipangamahali. Hicho kilikuwa chombo cha Bodi ya Mji, akili ya mashine isiyo na mwili, iliyojua kila soketi na kila msongamano wa watu. Ukikiuliza, kilikujibu kupitia mkokoteni wako.

"Nimekupatia," kilisema papo hapo. "Barabara ya Kumi na Saba, nyumba ya mlango wa buluu. Watu wengi sana. Umeme wa kutosha. Kuanzia kesho alasiri."

"Kwa nini kesho?"

"Umeme bado unatumika."

Mwanakombo alikwenda kuona. Barabara ya Kumi na Saba ilikuwa kimya, hata kuku walionekana wamechoka. Alibisha hodi. Msichana mwenye mikono ya povu alifungua, akasema kwamba anaitwa Saumu na kwamba anafua shuka za baba yake.

"Shikamoo mama. Unatoka hospitali?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Kuna shughuli hapa kesho? Harusi? Maulidi?"

Saumu alicheka. "Harusi ya nani? Baba ameshaoa mara tatu, labda anataka kutimiza."

"Nakusikia!" sauti ilitoka chumbani, nyembamba, ikikatwa na mvumo wa mashine. "Kama ni mchumba, aingie nimwone!"

Ndani alilala Mwalimu Semkiwa, aliyekuwa akifundisha hesabu kabla mapafu hayajamwangusha. Kifuani alikumbatia pumzio. Mwanakombo alimsalimu, akamwuliza hali.

"Hali ya kukaa darasa la mwisho," alijibu mzee. "Mtihani naujua, tarehe siijui."

Mwanakombo hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ubavu wa pumzio, kwenye taa ya akiba. Ilikuwa nyekundu.

"Hii taa?"

"Imegoma kupanda tangu juzi," alisema Saumu. "Umeme upo, mashine inakwenda, ila akiba haijai. Tumeita fundi. Wanasema foleni."

Ya Shehoza ilikuwa nyekundu vilevile. Naye aliita fundi, naye akaambiwa foleni. Mwanakombo aliaga kwa adabu, akatoka, akashika njia ya kwenda Bodi ya Mji.

Bodi ya Mji ilikuwa na jengo la vioo, na ndani yake Injinia Kibwana, kijana mpole mwenye ndevu zilizochongwa, aliyempa kiti na maji baridi. Mwanakombo alimweleza alichokiona. Kijana hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mama, Kipangamahali hakikufundishwa misiba," alisema. "Kilifundishwa vikombe. Tulikipa hesabu ya kahawa yote inayonywewa mjini, tukakiambia kitafute inanywewa wapi kwa wingi. Kikaona ni mahali ambapo mtu amefariki."

"Kwa sababu inagawiwa bure! Ndiyo maana inanywewa!"

"Hilo hakikuambiwa." Alikohoa. "Halafu kikaona kwamba kwenye nyumba hizo hizo umeme wa pumzio hubaki bila mtumiaji. Watu wapo, umeme upo. Wewe uliomba nini, mama? Si hivyo viwili?"

"Na akiba je?"

"Mapumzio yote hutuma hali ya mgonjwa. Kipangamahali kikikisia kwamba mtu hatafika kesho, hakimjazii akiba. Ni umeme utakaopotea bure. Hakimkatii umeme, elewa hivyo. Hakiui mtu. Kinakisia tu."

"Na huwa kinakosea?"

"Mara chache mno." Alilisema kwa fahari kidogo, kama mzazi anayetaja alama za mtoto.

"Kitakoseaje, mwanangu? Kinasema mtu atakufa, kisha kinamnyima kitu cha kumvusha umeme ukitikisika. Umeme unatikisika. Mtu anakufa. Nyinyi mnapiga makofi."

Injinia Kibwana alitazama glasi ya maji. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa amewahi kuliona jambo hilo kwa upande ule, na kwamba sasa alitamani asingelionyeshwa.

"Wajazieni leo," alisema Mwanakombo. "Wote."

"Mamlaka hiyo sina. Itabidi Bodi ikae."

"Itakaa lini?"

"Baada ya sikukuu." Akainama mbele, akashusha sauti kwa huruma ya kweli. "Mama, naweza kukubadilishia. Kuna nafasi nyingine Barabara ya Nne. Lakini keshokutwa."

Mwanakombo alisimama. Alitaka kumtemea mate, lakini mdomo ulikuwa umekauka. Aliona kwamba kijana huyu alikuwa na mama mahali fulani, alimsalimia kila asubuhi, na bado angempelekea mkokoteni mlangoni siku yake ikikaribia.

Asubuhi iliyofuata aliuamuru mkokoteni wake uende Barabara ya Kumi na Saba.

"Nafasi haijafunguliwa," ulisema. "Tafadhali subiri alasiri."

Aliuzima, akausukuma. Miguu ya chuma iliyokunjwa ilikwaruza lami, watoto wakamfuata wakimzomea, "Bibi kahawa, ng'ombe wako mgonjwa!" Alipofika kwenye mlango wa buluu alikuwa amelowa jasho. Alifungua tumbo la mkokoteni akang'oa tofali la umeme, betri inayochemsha maji na kukaanga buni, akamkabidhi Saumu upande mmoja, naye akashika mwingine. Walilibeba hadi kitandani wakaliunganisha na pumzio. Taa nyekundu ilifikiri kidogo, kisha ikawa kijani.

Mwalimu Semkiwa alinusa hewa. "Nimeambiwa umeleta mkokoteni wa kahawa. Mbona sinusi kitu?"

"Hakuna kahawa, Mwalimu. Leo umeme unaunywa wewe."

"Basi mchumba wewe ni bahili."

Alasiri umeme wa mtaa ulitikisika. Taa za nyumba zilicheza, zikazimika, zikarudi. Saumu alikuwa amefumba macho. Pumzio halikusita. Nje, mkokoteni uliokufa ulisimama juani, na hakuna aliyekuja kulia.

Kikundi kilimjia juu Mwanakombo. Mwenyekiti alimwita mharibifu mbele ya wenzake, wakachukua mkokoteni mtupu na kumfuta kwenye orodha ya leseni. Tofali hawakulipata. Kila waliyemtuma kulifuata aliingia, akamwona mzee, akatoka mikono mitupu.

Bodi ilikaa, ikasema inachunguza. Kipangamahali bado kinafanya kazi. Mwanakombo sasa hana kahawa ya kuuza wala mahali pa kuiuzia. Anafua nguo za watu. Tofali la Mwalimu likiisha, hupelekwa kwa zamu nyumba ya jirani kujazwa, na nyumba hiyo hukaa bila taa mpaka lijae. Leo zamu ni ya nyumba ya pili kutoka msikitini.