Sauti ya Sleyum

Mara ya kwanza kuisimulia hadithi hii niliboronga. Nilianza na Sleyum, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti, nikamfuata mpaka mwisho kama watu wote walivyomfuata. Nilipomaliza, mtoto mmoja akaniuliza, "Na yule aliyekuwa akiogopa?" Nikashika kichwa. Nilikuwa nimemsahau mwenye hadithi! Basi mniwie radhi, tuanze upya, na safari hii tuanze na Shamte.

Shamte alikaa Chole, zama za Wadachi, wakati boma lao lilipokuwa papo hapo kisiwani. Kila asubuhi, baada ya sala, aliteremka pwani na mama yake, Mwanasiti, kufukua makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni yakaoza. Mama huyaponda akatoa nyuzi za kusokotea kamba. Kazi ya Shamte ilikuwa kubeba, na kwa harufu aliyorudi nayo, hata mbuzi walimpisha njia. Kisha huoga, akala kiporo cha muhogo, akavaa kanzu yake, akaenda shule ya serikali.

Baba yake, Iddi, alikuwa mkwezi. Akiwa kileleni mwa mnazi aliisikia shule nzima ikisoma kwa sauti moja, na jioni hakuacha kusema.

"Leo mmevuma kama nyuki waliochokozwa! Lakini sauti yako niliitambua, mwanangu."

Shamte huinamisha kichwa. Sauti ya kutambuliwa hakuwa nayo. Alikuwa hajui kusoma hata neno moja la ubaoni.

Shuleni walisoma wote kwa pamoja. Mwalimu Shaabani, kijana mwembamba aliyeletwa kutoka Tanga, huweka fimbo ubaoni, na darasa likapaza sauti. Mbele alikaa Sleyum, mtoto wa mwenye shamba la minazi, mwenye sauti kali kama zumari. Sleyum akisema "ba", na Shamte "ba". Huchelewa kidogo tu, kiasi cha kupepesa jicho. Kwani macho yake hayakuwa ubaoni, yalikuwa mdomoni mwa Sleyum.

Mambo yalikwenda hivyo, hata asubuhi moja Mwalimu akaingia kanzu imemlowa jasho na jua bado halijakolea.

"Bwana Mkubwa wa bomani anakuja kututazama mwezi ukiandama," alisema. "Atamsikiliza kila mtoto peke yake. Mmesikia? Peke yake."

Shaibu, aliyekaa ubavuni mwa Shamte, akamnong'oneza. Shaibu huyu habari zote za kutisha alikuwa nazo yeye, sijui nani alikuwa akimgawia.

"Akimkuta mtoto anadanganya, hamchapi mtoto. Humwita baba yake. Anayekula kiboko ni baba."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua!"

Shamte aliuona mgongo wa baba yake kama uko mbele yake. Na baba yake alivyokuwa mwoga wa serikali! Askari akipita tu njiani, Iddi alikuwa yuko juu ya mnazi, na hashuki mpaka aambiwe amekwisha kwenda zake.

Siku iliyofuata Sleyum hakuja. Ana homa, walisema.

Mwalimu akaweka fimbo kwenye neno la kwanza. Kimya. Akagonga ubao. Kimya. Nje, kwenye mti mkubwa, popo waligombana wakapatana, na ndani hakuna aliyefungua mdomo. Kila mtoto alikuwa akimngoja mwenzake aanze, ili amfuate. Ndipo Shamte alipoona jambo lililomsisimua mwili: kumbe ile siri hakuwa nayo peke yake.

"Mnanifanyia mzaha?" Mwalimu aliuliza. "Haya. Kesho mtasoma mmoja mmoja. Na asiyejua, mimi na yeye tutajuana!"

Walipofunguliwa tu, Shamte alikimbia mpaka kwa kina Sleyum. Mama yake Sleyum, Bi Hafidha, akamkaribisha ndani. Sleyum alikuwa amelala kitandani, amejifunika gubigubi.

"Nifundishe ile ya ubaoni," Shamte alimwambia. "Hata nusu yake. Nakuomba, kesho nitakufa."

Sleyum akageukia ukutani. "Siwezi."

"Una homa, najua. Tutakwenda polepole."

"Homa si kitu. Mimi sijui kusoma, Shamte."

"Wewe?"

"Mwalimu huisoma yeye mara moja tu, siku anapoiandika ubaoni. Mimi naishika kwa sikio, kama tunavyohifadhi Kurani chuoni kwa shehe. Akibadili neno moja tu, nimekwisha." Akaanza kulia chini ya shuka. "Na nyinyi nyote mnanifuata! Shule nzima mmenipanda mgongoni, halafu mnaniambia nina bahati."

Shamte akatoka. Alikuja kutafuta mtu wa kumshika mkono, akamkuta anazama kuliko yeye.

Jioni, mama yake alikuwa uani akisokota kamba. Shamte alikaa karibu naye, akashika ncha moja ya kamba, akaiachia, akaishika tena.

"Umeumwa na nini?" Mama aliuliza.

Akamwambia yote, kuanzia mdomo wa Sleyum mpaka kiboko cha baba. Mama hakuacha kusokota.

"Kwa hiyo shule nzima hamna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na Mwalimu hajui."

"Hajui."

"Basi kesho tunakwenda kumwambia, mimi na wewe."

Iddi, aliyekuwa akila wali mlangoni, tonge likamdondoka. "Mwanamke! Watu hawaendi serikalini bila kuitwa! Hata wakiitwa hujificha!"

"Wewe panda mnazi wako, Baba Shamte. Mimi nakwenda."

Basi asubuhi mama akajitanda kanga, akamshika mwanawe mkono. Tangu shule ile ijengwe, hakuna mama aliyewahi kukanyaga mlangoni pake. Mwalimu Shaabani akasimama haraka mpaka chaki ikamponyoka.

"Sema, mwanangu," Mama alisema.

Shamte akasogea mbele. "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nilikuwa nafungua mdomo tu, namfuata Sleyum. Baba yangu hana habari. Bwana Mkubwa akija, mwambie anichape mimi, asimwite baba."

Akafumba macho, akaingoja fimbo. Fimbo haikuja. Ilikuja sauti ya Shaibu.

"Na mimi, Mwalimu."

"Na mimi."

"Hata mimi."

Wakasema hivyo mpaka mstari wa nyuma. Siku hiyo walikuwa wanamfuata Shamte.

Mwalimu akakaa juu ya kasha la vitabu. "Mama," alisema taratibu, "mimi naogopa kuliko hawa. Nilikuwa nasikia sauti kubwa nafurahi. Sikuuliza ni ya nani."

"Sasa unajua," Mama alisema. Akautazama ubao. "Ile pale ni herufi gani?"

"Ni be."

Mama akachutama, akachora kwa kidole mchangani: be ya Kiarabu, ile ya chuoni, kama mtumbwi mdogo wenye nukta chini yake. "Na hii ndiyo be yangu mimi. Huyu mtoto anaijua tangu hajang'oa meno ya utoto."

Shamte akatazama mchangani, akatazama ubaoni. Sauti ni moja, ila imevaa nguo mbili! Kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, aliitazama herufi ya ubaoni na ikamwambia kitu.

Mwalimu akawaita wazazi wote. Kazi ilikuwa hapo. Kuitwa na serikali zama zile, kila mtu alijua, ni kwenda kubeba mizigo au kulimishwa barabara. Mzee Hemedi alifika na mkeka wake na kata ya kunywea maji, tayari kufungwa, ameshaagana na wajukuu. Alipoambiwa ameitwa kumsikiliza mjukuu wake akisoma, aliuliza mara mbili, kisha akautandika ule mkeka hapo hapo shuleni, akaukalia.

Tangu siku hiyo, hakuna tena kuvuma. Watoto walikaa watatu watatu, na anayejua herufi haondoki mpaka wenzake wawili wameijua. Sleyum alipopona aliwekwa na Shamte na Shaibu. Sikio lake lilikuwa jepesi mno, likawahi kila kitu kabla ya jicho, basi Shamte humziba masikio kwa viganja ili asome kwa macho.

"Unaniumiza!"

"Soma kwanza, uumie baadaye."

Na nyumbani nako kulikuwa na kazi. Mama akiponda makumbi, huandika neno mchangani kwa herufi za chuoni, na Shamte huliandika chini yake kwa herufi za shule. Wasiojua herufi yoyote, kama Iddi, walikaa tu wakasikiliza, na mtoto akikwama walimngoja. Bi Hafidha alimsikiliza Sleyum huku akichambua mchele. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba baada ya alasiri, akaambiwa nani kakwama wapi.

Lakini herufi ni ngumu, na mwezi haungoji mtu. Kila alfajiri Shamte aliutazama ukikonda, naye akakonda nao.

Siku ikafika. Wazazi walijaa madirishani, isipokuwa Iddi. Viatu vya Bwana Mkubwa vilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Askari wake akasimama mlangoni na kiboko kiunoni, na Shaibu akamfinya Shamte paja mpaka akataka kupiga kelele.

Bwana Mkubwa akaita mmoja mmoja. Shaibu alisoma, akakosea, akarudia, akapatia. Sleyum alisoma kwa sauti ndogo ajabu, macho yamemtoka, bila kuruka neno.

"Wewe."

Shamte akasimama. Bwana Mkubwa akakifunga kitabu. Alikuwa mtu mwenye macho mepesi, na huenda alikwisha kuzijua shule za kukariri. Akatazama nje dirishani, akaona kitu, akatabasamu, akaandika ubaoni sentensi ambayo haimo kitabuni.

"Soma."

Hakuna mdomo wa kuufuata. Masikio ya Shamte yalikuwa yanavuma. Alimwona mama yake dirishani, ameziba mdomo kwa kanga asije akamtilia neno. Akaanza na herufi ya kwanza.

"M... mtu... yu... yuko..." Jasho likamtiririka. "Juu... ya... mnazi."

Kisha maana ikamwingia. Akageuka. Kweli, kwenye mnazi ulio mkabala na dirisha, miguu miwili aliyoijua vizuri ilikuwa imeukumbatia mti, na kichwa kimejificha katika makuti.

"Mtu yule nani?" Bwana Mkubwa aliuliza. Askari naye akageuka kutazama.

Angeweza kusema hamjui. Neno hilo lilikuwa limeshafika mdomoni. Kiboko alikiona, na mgongo wa baba yake aliuona. Lakini amekwisha kuonja kudanganya, na anajua woga wake unavyodumu.

"Ni baba yangu, Bwana."

"Anafanya nini juu?"

"Anaogopa, Bwana."

Bwana Mkubwa akamtazama Shamte, akautazama tena mnazi. Halafu akacheka, tumbo likimtikisika, na askari akacheka kwa kuwa mkuu wake amecheka, na madirishani watu wakaanza kupumua.

"Mwambie ashuke," Bwana Mkubwa alisema. "Mwambie mtoto wake anajua kusoma."

Akampa Mwalimu mkono, akaenda zake. Ndipo Iddi akateremka, kifua kimechubuka, akasimama mlangoni asijue aingie au akimbie. Shamte akamvuta ndani.

Mwalimu Shaabani akawatazama watoto na wazazi wao. "Sikilizeni," alisema. "Shule hii ilipona siku mtoto mmoja aliposema sijui. Tulikuwa tunapiga kelele nyingi, na kila mtu amejificha ndani ya kelele ya mwenzake, na mimi mwalimu wenu nilikuwa wa kwanza. Mtoto akisema sijui, wenzake watamfundisha, wazazi wake watamsikiliza, na mimi nitajua pa kuanzia. Akinyamaza, hata tukiwa wengi namna gani, yuko peke yake. Usione haya kutojua, mwanangu. Ona haya kujifanya unajua."

"Mwalimu amesema," Mama Shamte aliitikia, na Mzee Hemedi akakunja mkeka wake.

Iddi akajikuna kifua. "Mimi sina la kuongeza," alisema. "Ila ile sauti yenu ya zamani nilikuwa naipenda. Huko juu upepo unavuma, mtu uko peke yako, unawasikia watoto wanasoma kwa pamoja... Hebu, wanangu, mara moja tu, someni kama zamani. Leo niwasikie nikiwa chini."

Watoto wakatazamana, kisha wakamtazama Sleyum. Sleyum alikuwa ameinamia kitabu, kidole chake kikitambaa polepole chini ya neno jipya, midomo imefumbwa.

Nao wakainamia vitabu vyao, kila mmoja na neno lake.