Mkono kwa Mshika Bendera

Lorine ni jirani yetu hapa Kitengela, na haya yalimpata mchana, jua likiwaka. Ilikuwa mwaka wa 2003, wiki moja kabla ya harusi yake na Obura. Asubuhi hiyo alifua nguo, akamwacha mwanawe Melvin kwa dada yake, kisha akamwambia Obura kwamba anataka kwenda Kajiado kumuaga Khisa, marehemu mume wake, pale kwenye kituo cha treni alipofia.

"Si tungemuombea tu kanisani, Mama Melvin?" Obura aliuliza.

"Siwezi kuolewa kama sijamuaga."

"Haya, twende. Lakini jua la huko likinimaliza, utaolewa na kofia yangu."

Lorine alicheka. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la Khisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuwaacha yeye na mtoto walale njaa.

Kituo chenyewe kilikuwa jukwaa la mawe katikati ya nyasi kavu. Zamani wafanyakazi wa kiwanda cha chokaa walipandia treni hapo kurudi nyumbani. Hapakuwa na stesheni masta. Mfanyakazi mmoja alisimama na bendera nyekundu ili dereva apunguze mwendo, maana treni haikusimama kabisa. Wenzake wakishaingia, mshika bendera alikimbia kando ya behewa, na mtu mmoja mlangoni akampa mkono. Mshika bendera ndiye aliyemchagua mtu huyo. Khisa, zamu ya bendera ikiwa yake, alimchagua Obura kila mara, hata wiki ile walipokuwa wakishindania kazi moja ya usimamizi.

"Ni jasho," Obura alimwambia Lorine siku ya msiba. "Mkono wake uliteleza, akaanguka chini ya treni."

Kazi ile alipewa Obura. Baadaye kiwanda kilifungwa, na wezi wa vyuma wakang'oa reli yote.

Lorine alipiga magoti jukwaani. Hakuwa amemaliza kuomba wakati upepo ulipokatika. Panzi wakanyamaza.

Mawe yakaanza kutetemeka.

"Obura," alinong'ona. "Unasikia?"

Obura alirudi nyuma hatua moja.

Kishindo kilikuja kutoka upande wa kiwanda. Magurudumu. Chuma juu ya chuma, mahali pasipo na chuma. Hakuna kilichoonekana. Nyasi zililala zenyewe. Harufu ya chokaa ikamjaa puani. Kisha hatua za mtu anayekimbia. Buti nzito. Karibu. Karibu zaidi.

"Obura! Mkono, ndugu yangu!"

Ilikuwa sauti ya Khisa.

Lorine akamgeukia Obura. Alikuwa ameficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Aliificha upesi, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo.

"Haukuteleza," Lorine alisema. Miaka yote hiyo alikuwa akimshukuru Mungu kwa mikono hiyo.

"Wangempa yeye," Obura alinong'ona. "Kila kitu alikuwa anapewa yeye. Hata wewe."

Sauti iliita tena, sasa imechoka. Lorine hakufikiri. Alinyoosha mkono wake hewani.

Ukashikwa.

Vidole vilikuwa vikavu, tena vya joto. Vilimvuta mpaka magoti yakakwaruzwa na mawe. Kisha uzito ukapanda, ukampita begani. Kishindo kikakatika.

"Umefanya nini?" Obura alirudi kinyumenyume, macho yakiwa upande wake wa kulia, ambako hapakuwa na mtu. "Lorine, umempandisha!"

Akakimbia kuelekea barabarani. Kitengela hajaonekana tena hadi leo.

Lorine aliposimama, aliifuata njia hiyo hiyo, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Vumbini viatu vya Obura vilikuwa vimeacha alama zilizoachana mbali. Kulia kwake kulikuwa na alama za buti. Hizo zilikaribiana, kama za mtu anayetembea bila haraka. Mbele kidogo, Obura alikuwa ameanguka. Viganja vyake vilionekana wazi mchangani.

Hapo buti zilikuwa zimesimama, ncha zikimwelekea, zikangoja ainuke.