Hatua Kenda Zilizojaa

Mzee Moffat, mkuu wa waongoza wageni, alikutwa amekufa Jumatano asubuhi, kifudifudi kwenye njia ya mlimani, karibu na Kambi ya Mutarakwa juu ya Naro Moru. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kofia yake ya sufi ilikuwa bado mkononi.

Aliyemkuta ni Roble, mwanamume wa Nanyuki anayekodishia wageni farasi. Alimbeba mzee hadi kambini akipiga kelele. Polisi waliona damu kwenye shati lake, wakamtia pingu.

Inspekta Warigia alipofika kituoni, Roble alikuwa tayari seli. Kesho yake saa tatu angepelekwa kortini kushtakiwa kwa mauaji. Mama yake, Nurto, alikuwa ameketi kwenye benchi, chupa ya chai mapajani.

"Mama, nenda nyumbani upumzike."

"Na chai hii nimpe nani? Mwanangu alimbeba mzee kama baba yake. Ati siku hizi kubeba mtu ni kosa?"

Simu ya Warigia ililia. Alikuwa daktari wa maiti.

"Jeraha lina udongo mweusi, Inspekta. Chombo kilichompiga kilikuwa kimetoka kuchimba."

Njia ile ni ya changarawe nyekundu. Na Roble alikutwa na hatamu ya farasi tu. Warigia alimchukua Koplo Kinuthia, wakapanda mlimani.

Wakiuru, mama anayetunza kambi, aliwapokea macho yakiwa yamevimba.

"Mzee alikuwa na mchezo wake," alisema. "Anaficha mkebe mlimani. Ndani kuna muhuri na daftari. Anayeupata anagonga muhuri kwa kitabu yake, aonyeshe amefika. Mikebe thelathini, kutoka hapa mpaka upande wa Kianyaga."

"Watu wanajuaje pa kutafuta?"

"Anabandika karatasi hapa." Alionyesha ubao ukutani. "Hii ya mwisho aliibandika Jumatatu jioni. Akasema mkebe huu ni wa mtu mmoja tu. Hakusema ni nani."

Warigia alisoma. *Kutoka jiwe lililopasuka, elekea mtoni, hatua kenda zilizojaa.*

Walilipata jiwe. Kinuthia alihesabu hatua tisa kwa sauti, na ya tisa nusura imtumbukize shimoni. Mashimo yalikuwa matatu, yamebanana. Udongo wake ulikuwa mweusi.

"Mkebe umeshaibiwa, afande."

"Aliyepata angechimba mara tatu?"

"Labda hajui kuhesabu."

"Au anajua sana." Warigia alimpigia simu Watiri, binti wa marehemu, kule Tetu. "Pole sana, dada. Nina swali moja la ajabu. Baba yako alikuwa anahesabu vipi?"

Watiri alicheka huku akilia.

"Kumi haikutoka mdomoni mwake hata siku moja! Hata mbuzi wakiwa kumi, alisema *kenda mũiyũru*. Kenda iliyojaa. Alisema ukitaja kumi unaita mabaya."

Warigia aliruka mashimo, akapiga hatua moja zaidi. Chini ya jiwe bapa palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani: muhuri, daftari jipya, na daftari la zamani lenye jina la Ngugi, mwongoza wageni wa kambi ile. Palikuwa na barua pia. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

Ngugi alitokea kambini saa saba, begi mgongoni. Warigia alimketisha jikoni kwa Wakiuru.

"Umetoka wapi?"

"Kenol, kwa dada yangu. Niliondoka hapa Jumapili. Nimesikia habari nikiwa njiani, nikashtuka sana."

"Karatasi ya mzee umeisoma?"

"Ningeisoma aje na sikuwa?"

"Si kitu. Mkebe tumeupata, pale kwa jiwe lililopasuka."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Pale hakuna kitu! Ukihesabu hizo tisa..." Mdomo wa Ngugi ulibaki wazi.

"Endelea. Nani aliyekutajia tisa?"

Koplo alifungua begi. Akatoa kijembe cha mkono, akakiweka mezani. Kilikuwa kimeoshwa. Lakini pale mpini unapoingilia palibaki udongo mweusi, na unywele mmoja mweupe.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Warigia. "Ukisema, tutaandika."

Ngugi alikiangalia kile kijembe.

"Jumapili hii mzee angetaja atakayeshika kazi yake," alisema. "Mkuu wa waongozaji. Alitaka mtu aliyefika kwa mikebe yote. Mimi sita sikufika. Nilichonga mihuri kwa soli ya kandambili, nikagonga nyumbani."

"Akajuaje?"

"Ile ndege ya muhuri. Yake inaangalia kulia. Mimi niliichonga vile naiona, ikatoka inaangalia kushoto. Akaninyang'anya kitabu. Akaniambia, kitabu yako iko mlimani, soma karatasi ukaitafute kama wengine."

"Ukatafuta."

"Tangu jana! Leo alfajiri akanikuta nachimba. Akaangalia mashimo yangu, akacheka. 'Ngugi, wewe ni mtoto wa stendi kweli, hukulelewa na wazee,' akasema, akaanza kurudi kambini. Niliona ananichezea. Hakuna kitabu, na Jumapili ataniaibisha mbele ya watu. Nikamfuata."

Warigia alimsukumia barua. Ngugi aliisoma akisogeza kidole.

*Ngugi, ukifika hapa kwa miguu yako, mambo ya mihuri yameisha. Sijamwambia mtu. Jumapili nitataja jina lako.*

"Kenda iliyojaa ni kumi," alisema Warigia. "Ndiyo maana alicheka."

"Hatua moja?"

"Moja."

Ngugi alilaza kichwa mezani. Koplo alimfunga pingu akiwa hivyo hivyo.

Jioni hiyo Warigia alifungua seli mwenyewe. Nurto alisimama, akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Ilikuwa imepoa kabisa. Roble aliinywa yote, akanyoosha mkono apewe nyingine.