Mapigo Kumi ya Waride

Kila asubuhi, akina mama walipokwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa, Mwanahalima aliwakusanya watoto wadogo wa kijiji cha Mbwara uwanjani. Ulikuwa wakati wa Vita vya Maji Maji, na njaa ilikuwa imeingia kila nyumba. Mwanahalima, mwenye miaka kumi na miwili, aliwafundisha kupiga mpira wa majani makavu ya mgomba kwa kibao chenye mpini, ili wasahau kidogo matumbo yao.

"Tazama mpira, usitazame kibao," alimwambia mdogo wake, Waride, wa miaka sita. "Ngoja ushuke, ndipo uupige juu."

Waride alipiga. Mpira ukaangukia nyuma yake.

"Baba ndiye anayejua kunifundisha," alisema kwa huzuni. "Atarudi lini, dada?"

Mwanahalima aliuokota mpira. Baba yao, Miraji, alikwenda vitani. Siku nne zilizopita mtu aliyenusurika alileta habari kwamba ameuawa na kuzikwa huko huko. Mama yao, Mashavu, alikuwa bado hajamwambia Waride.

"Ukiupiga mara kumi bila kuuangusha, atarudi," Mwanahalima alijibu.

Tangu hapo Waride hakucheka tena uwanjani. Alipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu, wenzake wakihesabu kwa sauti, alifika kumi. Wakashangilia. Mwanahalima aligeuka kumwinua mtoto aliyejikwaa. Alipotazama tena, Waride hakuwapo.

Mashavu na akina mama wengine waliporudi kutoka porini, wote walimtafuta hadi alasiri. Wakamkuta mbali, kwenye njia ya mtoni, ameketi juani, midomo imemkauka.

"Nampokea baba," alisema. "Nimefika kumi."

Mashavu alimtazama binti yake mkubwa.

"Nilimdanganya, mama," Mwanahalima alisema. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Nisamehe, Waride. Baba amefariki. Hata ukipiga mara mia, harudi."

Waride alilia mpaka sauti ikamkauka. Mashavu akawakumbatia wote wawili.

"Ulitaka kumpunguzia uchungu, mwanangu, ukamwongezea," alisema. "Nami nimekosa kwa kunyamaza. Uongo haukumrudisha baba yenu. Ulimnyima tu mdogo wako nafasi ya kumlilia pamoja nasi. Hata mtoto mdogo aambiwe ukweli, kwa upole, na asiachwe peke yake nao."

Kisha wakarudi nyumbani, wote watatu, kumsomea Miraji dua.