Mkwe Anayesoma Maboksi

Stendi ya Nachingwea ilifurika watu, msimu wa korosho wa mwaka 2005. Dukani kwa Makrina kijana mmoja, shati jeupe limenyooshwa barabara, aligeuza pakiti ya biskuti, akaigeuza tena, midomo ikichezacheza. Mkaguzi huyu, Makrina aliwaza, akaanza kuficha makopo ya maziwa yaliyokaa sana.

"Kaka, unanunua au unasoma?"

"Nikimaliza kusoma nitanunua, dada."

Hakununua ng'o. Lakini Jumamosi alirudi, akajitaja: Fortunatus, mpimaji wa ardhi kule Ruangwa. Akaomba namba ya simu. Haikuchukua muda wakawa wanaitana mpenzi, ingawa Makrina roho ilikuwa haijatulia. Mwanaume gani huyu, chai hatii sukari, juisi ya boksi mpaka aisome ubavuni?

Siku ya utambulisho Makrina alivaa kitenge kipya cha kijani. Mama yake, Dionisia, alileta juisi. Fortunatus akaisoma, akairudisha mezani. Ukaja muhogo wa nazi, akasema ameshiba. Uongo mtupu, tumbo lake lilisikika likinguruma.

Alipoondoka tu, mama akasema, "Huyo anadhani nimemtilia dawa. Asirudi hapa."

Makrina akapiga simu Ruangwa.

"Foti, mama yangu ni mchawi?"

"Mpenzi, nani kasema?"

"Wewe, ulipokataa chakula chake. Niambie kuna nini, au ufute namba yangu."

"Nina kisukari. Lazima nijue wanga na sukari iliyomo kabla sijala. Mchumba wa kwanza nilimwambia. Kwao wakasema hawaozi binti kwa maiti."

Makrina alilia kwa hasira na huruma pamoja. "Njoo umwambie mama mwenyewe. Mimi sikusemei."

Alikuja Jumapili, vumbi jekundu hadi kwenye kola, akasema yote. Mama akamkazia macho.

"Juisi imeandikwa. Muhogo wangu hauna maandishi. Utausoma wapi?"

"Ndiyo maana niliuogopa, mama. Una wanga mwingi. Kipande kidogo naweza, nikijua umeweka nini."

"Nazi na chumvi. Sukari sijaweka." Akamsogezea sahani ya muhogo. "Na dawa sijaweka."

Fortunatus akanawa, akachukua kipande kidogo, akala.

Makrina akafungua mdomo aseme neno. Mama akamzuia kwa mkono.

"Mwache atafune amalize," alisema, "ndipo tuzungumze mahari."